Ukifika Ukingoni Umechelewa: Ushauri kwa Wanaovuka Mito ya Kambu

Abiria wa basi la Mombasa anayepita Kambu huona mchanga tu chini ya daraja, na kabla hajatazama vizuri gari limeshapita. Kwa mwenyeji, mchanga huo una kazi nyingi. Ni kisima: mama anainama juu ya shimo alilofukua, anasubiri maji yajae taratibu, anayateka kwa kata na kuyamimina kwenye mtungi wa lita 20 kupitia kitambaa, huku punda akingoja na mitungi mingine mgongoni. Ni njia ya mkato ya sokoni na shuleni. Ni kivuli cha mbuzi jua linapokuwa kali. Ni kibarua cha vijana wanaopakia mchanga kwenye lori. Kwa hiyo siku ya kawaida, mvua ikiwa haipo kabisa, watu wa Kambu na wa vijiji vinavyoteremka kuelekea mto Athi hukaa ndani ya mto kwa muda mrefu kuliko wanavyodhani wenyewe.

Hapo ndipo mafuriko ya huku yanapotofautiana na yale ya Budalang'i au ya Tana ya chini, ambako maji hupanda polepole na kumfuata mtu hadi nyumbani kwake. Huku, mara nyingi ni mtu anayekutwa mtoni, au anayeingia mwenyewe akiona maji yako pale. Nimeandika makala haya kwa ajili ya mtu huyo: mama mwenye punda, kijana wa bodaboda, dereva wa Probox, mwalimu mkuu mwenye wanafunzi wa ng'ambo ya mto, na kamati ya harusi iliyokodi basi.

Tuanze na jinsi maji yanavyokuja. Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya inapotoa tahadhari ya mvua kubwa, kipimo inachokitaja mara nyingi ni zaidi ya milimita 20 kwa saa 24. Milimita 20 ukiziona kwenye ndoo ni kidogo, hazifiki hata upana wa vidole viwili. Lakini zikimwagika juu ya kilomita moja ya mraba zinakuwa lita milioni 20, yaani mitungi milioni moja ya lita 20. Bonde la mto wa msimu hukusanya maji ya kilomita nyingi za mraba. Mvua inayonyesha juu ya milima ya Chyulu huzama kwa wingi katika majivu na miamba ya volkeno na kutokea mbali kwenye chemchemi kama Mzima. Ardhi yetu ya chini haina ukarimu huo. Baada ya miezi ya jua udongo umefunga, nyasi zimeliwa, na maji ya dakika za kwanza yanateleza juu kama yamemwagwa sakafuni. Vijito vyote vinayapeleka mahali pamoja, na mahali hapo ndipo penye shimo la mama na drifti ya bodaboda, yaani kivuko cha saruji kilicholala mtoni.

Maji hayo hayahitaji mvua juu ya kichwa chako. Wingu linaweza kupasukia juu huko, nawe uko kwenye jua, mchanga ni mkavu, simu yako haijaonyesha tone. Kinachotangulia mara nyingine ni upepo wa baridi wenye harufu ya udongo uliolowa, halafu mngurumo, halafu maji ya rangi ya chai ya maziwa yaliyobeba vijiti, povu na kinyesi cha mifugo. Ukishayaona yakikunja kona, muda uliobaki ni wa kukimbia kwenda juu, na haumtoshi mtu anayetaka kwanza kumfungua punda na kukusanya mitungi. Mtungi unanunulika. Punda ana akili ya kupanda kingo ukimwachia kamba.

Wengi wetu tunaujua mto kwa kalenda: Machi hadi Mei tunajihadhari, Oktoba hadi Desemba tunajihadhari zaidi kwa sababu hiyo ndiyo mvua ya kutegemewa Ukambani, na miezi mingine tunajiachia. Kalenda ni mwalimu mzuri wa kupanda mbaazi na pojo. Kwa kuvuka mto haitoshi. Mwishoni mwa Januari 1993, usiku, treni ya abiria ya njia ya Nairobi na Mombasa ilitumbukia mtoni Ngai Ndethya, sehemu za Mtito Andei, kwenye reli hii hii inayopita karibu nasi. Mafuriko yalikuwa yameharibu daraja, na dereva wa treni hakuwa na namna ya kulijua hilo gizani. Zaidi ya watu 100 walikufa. Januari si mwezi ambao mzee yeyote wa huku angekuambia uuogope mto.

Mfano wa pili ni mbichi zaidi na unauma zaidi. Septemba 8, 2021 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza ukame kuwa janga la kitaifa, na Kitui ilikuwa miongoni mwa kaunti zilizoumia. Msimu wa mvua uliofuata ulikuwa mbaya, mimea ilikauka. Hata hivyo Desemba 4 mwaka huo huo, katika Kitui hiyo hiyo, mto Enziu karibu na Mwingi ulikuwa umefurika hadi juu ya daraja la chini, na basi lililobeba wanakwaya na jamaa zao wakienda harusini likaingia majini. Watu walikuwa wamesimama ukingoni wakitazama. Wengine walikuwa wakirekodi kwa simu. Basi likaenda polepole, likainama upande mmoja, likazama. Zaidi ya watu 30 walikufa, na wachache waliokolewa na wenyeji na waokoaji.

Mwaka wa ukame, basi kubwa, dereva mtu mzima, mchana kweupe, mashahidi tele. Nauleta mfano huu si kumlaumu marehemu, bali kwa sababu unavunja karibu kila kisingizio tunachokitumia kuvuka. Unatufundisha pia kusoma utabiri wa msimu inavyopasa. Idara ikisema msimu utakuwa chini ya wastani, inazungumzia jumla ya mvua ya miezi mitatu. Mkulima anapaswa kulizingatia hilo katika kuchagua mbegu. Mvukaji asilichukue kama ruhusa, maana jumla ndogo inaweza kuangushwa kwa usiku mmoja, na usiku huo mmoja ndio unaoua.

Kwa hiyo usiutegemee utabiri wa msimu kwa safari ya kesho. Tafuta utabiri wa siku saba, na juu ya huo, tahadhari maalumu ya mvua kubwa, ambayo hutaja maeneo, tarehe za kuanza na kumalizika, na uwezekano wa mvua hiyo kunyesha. Makueni na Kitui zimo katika eneo ambalo Idara huliita nyanda za chini za kusini-mashariki, pamoja na Machakos, Kajiado na Taita Taveta. Ukisikia eneo hilo likitajwa, umetajwa wewe. Kila kaunti ina mkurugenzi wake wa hali ya hewa, na taarifa hizo husomwa kwa Kikamba katika vituo kama Musyi FM na Mbaitu FM. Kwa watu wa Kambu na Mtito Andei ipo pia Redio Mang'elete ya Nthongoni, redio ya jamii iliyozaliwa na vikundi vya akina mama. Redio ya jirani ina faida ambayo ya Nairobi haina: mtangazaji anazijua drifti kwa majina, na msikilizaji wa juu ya mto anaweza kupiga simu akaeleza anachokiona.

Jambo moja zaidi kuhusu utabiri, na hili watu wengi wa Kambu hulisahau. Usisikilize habari za Makueni peke yake. Mto Athi unaotutenganisha na Kitui huanzia nyanda za juu za Kiambu na Nairobi na kupita Machakos kabla ya kufika kwetu. Mvua ikipiga Nairobi kwa siku mbili, barabara za huko zikageuka mito, maji hayo yana safari, na safari yake ni huku. Anayefikiria kuuvuka Athi kwa miguu kwenda upande wa Mutha au Ikutha asikilize kwanza habari za Nairobi, na afadhali azunguke kwenye daraja la barabara ya Kibwezi–Kitui hata kama ni mbali. Athi una mamba pia, na maji machafu ndiyo wanayoyapenda.

Hapa naomba msomaji anivumilie nitoke nje ya Ukambani kidogo, kwa sababu kuna watu waliolisoma tatizo hili kwa miaka mingi kuliko sisi, ingawa kwa hatari nyingine. Katika milima ya Uswisi wanaogopa maporomoko ya theluji. Tangu 1945 taasisi ya utafiti wa theluji iliyoko Davos imekuwa ikitoa taarifa za hatari kwa umma, na tangu 1993 nchi za Ulaya zenye milima zinatumia ngazi tano za hatari, moja ikiwa ndogo na tano ikiwa kubwa kupindukia. Ungedhani watu wengi hufa siku ya ngazi ya tano. Sivyo. Siku hiyo barabara zimefungwa na watu wamekaa ndani. Wengi hufa siku ya ngazi ya tatu, ile ya katikati, ambapo jua linaweza kuwa linawaka, theluji inapendeza, na mtu anajiambia kwamba mwenye ujuzi kama yeye anaweza kupita. Tena, wengi wa waliofukiwa katika matembezi ya milimani waliianzisha theluji kuporomoka wao wenyewe au wenzao, kwa uzito wa miguu yao.

Yatafakari hayo ukiwa umesimama kwenye drifti. Mto ukiwa umejaa kingo hadi kingo, unanguruma na kubeba miti mizima, hakuna dereva anayejaribu. Hiyo ndiyo ngazi yetu ya tano, na haiui watu wengi. Kinachoua ni maji ya magotini, yanayoonekana yanapungua, na mwenzako aliyevuka nusu saa iliyopita akiwa ng'ambo anakupungia mkono uje. Ngazi yetu ya katikati haina sura ya kutisha. Ndiyo maana nasema uamuzi wa kuvuka ufanywe nyumbani, kabla hujamwona huyo anayekupungia mkono.

Uamuzi wa nyumbani unafanyika hivi. Jioni kabla ya safari, jiulize kama njia yako ina drifti yoyote isiyo na daraja la juu. Kama ipo, na redio imetoa tahadhari, au umeona radi upande mto unakotoka, safari hiyo unaipanga upya usiku huo huo: unatafuta njia nyingine, unaondoka mapema zaidi, unasogeza siku, au unampigia anayekungoja kumwambia unaweza kulala njiani. Maneno hayo ya mwisho yana uzito mkubwa. Mtu ambaye ameshawaambia wenyeji wake kwamba huenda asifike hana haraka ukingoni. Yule aliyeahidi kufika saa nne kamili, na simu inaita kila dakika tano, ndiye anayeingia majini. Mito yetu ya msimu ina heri moja, hupanda haraka na kushuka haraka. Mara nyingi ni suala la saa chache, au la kulala na kuvuka asubuhi. Hakuna mtu aliyekufa kwa kulala kwa shemeji.

Kamati za harusi na mazishi nazitaja kwa makusudi, maana Desemba ndio mwezi wa shughuli na ndio mwezi wa mvua. Mnapokodi basi, muulizeni mwenye basi ni drifti ngapi njiani na dereva anazijua. Andikeni katika mpango wa siku hiyo kwamba msafara ukikuta maji barabarani utangoja, na mchungaji au padri akubali mapema kwamba ibada inaweza kuanza saa tisa badala ya saa nne. Mkishayasema hayo mapema, dereva hatabeba peke yake mzigo wa kuwachelewesha watu 50 waliovaa nguo za sherehe. Dereva aliye peke yake na abiria wanaolalamika nyuma yake ni dereva atakayejaribu.

Kwa abiria, unayo haki ya kushuka. Huhitaji kubishana. "Dere, mimi nishushe hapa, nitavuka maji yakipungua." Sema kwa sauti ya kawaida, kisha simama. Mara nyingi mtu mmoja akishasimama wengine watatu husimama naye, kwa kuwa walikuwa wanaogopa kimyakimya. Na wewe kondakta, nauli ya abiria aliyeshuka irudishe bila maneno.

Sasa tuangalie kwa nini gari si kinga. Chukua Probox, gari ambalo barabara zetu za vumbi zinalijua kuliko lingine lolote. Tumbo lake ni kama mita 1.6 kwa mita 4. Maji yakishafika kwenye sakafu yake, kila sentimita 10 zinazoongezeka ubavuni zinaliinua kwa nguvu ya kilo 600 na zaidi. Likiwa tupu lina uzito wa kama tani moja. Sentimita 20 hivi juu ya sakafu, kabla maji hayajapata nafasi ya kuingia ndani, magurudumu hayashiki tena chini, na usukani unageuka bila kazi. Dereva wa basi hujiona salama kwa sababu gari lake ni zito, lakini tumbo la basi ni pana: sentimita 10 hizo hizo zinaliinua kwa tani mbili na zaidi. Juu ya hapo kuna msukumo wa ubavuni. Kasi ya maji ikiongezeka mara mbili, nguvu yake inaongezeka mara nne. Wataalamu wa uokoaji Marekani wanafundisha kwamba maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 15 yanaweza kumwangusha mtu mzima, sentimita 30 zinasukuma magari madogo, na 60 zinabeba karibu magari yote. Aprili 2024, hapa hapa Makueni, lori lililobeba watu lilisombwa na mto Kwa Muswii upande wa Kasikeu. Lori!

Bodaboda hata tusiipigie hesabu. Ina magurudumu mawili, injini inazimika maji yakiingia, na abiria aliyekaa nyuma na mtoto mgongoni hana pa kushika. Nawaomba vijana wa steji ya Kambu na za vijiji wakubaliane neno moja: anayekataa kuvuka asinyang'anywe abiria na mwenzake anayethubutu. Bila makubaliano hayo, mwoga wa mto analala njaa na jasiri anachukua pesa, na mwisho wake tunaujua. Chama cha steji kinaweza kulisimamia hili kuliko askari yeyote.

Kuna jambo jingine drifti zetu zinaficha. Saruji ya juu unaweza kuikumbuka vizuri, upana wake na mawe yake ya pembeni, lakini chini ya maji ya rangi ya chai huoni kama bado ipo. Mchanga uliovunwa upande wa chini wa mto huacha shimo, na maji yanayoanguka kutoka kwenye drifti hulichimba shimo hilo kurudi nyuma hadi chini ya saruji. Makueni ilitunga sheria ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015, na wengi wanaidhani ni ya kulinda visima tu. Inalinda pia miguu ya madaraja. Anayechimba mchanga karibu na drifti anachimba chini ya gari la jirani yake.

Ukingoni pa kila drifti inayotumika panapaswa kuwa na mti wa alama. Hauhitaji mkandarasi wala bajeti ya kaunti. Mhimili wa chuma au nguzo iliyozamishwa kwenye saruji, upande ambao maji hayaipigi moja kwa moja, na rangi mbili: chini kabisa rangi nyeupe, na kuanzia kimo cha kifundo cha mguu juu ya barabara, nyekundu. Maji yakigusa nyekundu hakuna anayevuka, awe kwa lori awe kwa miguu. Chifu atangaze hivyo barazani, na mzee wa kijiji aliye karibu aweke kamba ya kufungia njia. Alama inamaliza ubishi, kwa sababu haimwangalii mtu usoni.

Kubwa kuliko alama ni simu. Kila drifti iwe na mtu wa juu: mwenye duka, mwalimu au mchungaji wa mifugo anayeishi kilomita 5 au 10 juu ya mto huo huo, aliyekubali kupiga simu maji yakipita kwake. Akiona mto umeshuka na maji, anawapigia watu watatu wa chini: msimamizi wa wavunaji mchanga, mwenyekiti wa steji ya bodaboda, na mwalimu mkuu. Wao wanajua wa kuwafikishia. Watatu badala ya mmoja, kwa sababu mtandao wa huku una tabia zake mvua ikianza. Na asiogope kupiga simu ambayo baadaye itaonekana haikuwa ya lazima. Maji yasipofika, apewe asante ile ile. Mtu akishachekwa mara moja kwa onyo lisilotimia, mara ya pili atanyamaza, na kimya hicho kitamgharimu mtu maisha.

Wazee wetu nao wasiachwe nje. Wanajua mto ulifika wapi mwaka 1961 na mwaka wa El Niño wa 1997, wanaweza kukuonyesha mti wenye takataka zilizonasa juu ya kichwa cha mtu. Maarifa hayo ndiyo yanayokuambia usijenge kibanda cha simu wapi. Dalili zao za upepo na miti zinasaidia kujua msimu unakaribia. Kwa swali la kama mto utafika saa kumi jioni ya leo, msikilize mtu wa juu mwenye simu.

Mwalimu mkuu, wewe una uamuzi mgumu kuliko wetu sote, kwa sababu watoto wa ng'ambo huwa wako mikononi mwako saa ile ile ambayo mawingu ya mchana yanafunga. Kuwaachilia mapema "wawahi kabla ya mvua" kunaweza kuwafikisha mtoni pamoja na maji. Afadhali uwe na orodha ya watoto wanaovuka, namba za wazazi wao, na familia mbili tatu za upande wa shule zilizokubali kuwalaza. Mpango huo ufanywe mwezi wa Septemba katika mkutano wa wazazi, si siku yenyewe. Waambie watoto pia, bila kuwaficha, kwamba hakuna mwalimu atakayewachapa kwa kuchelewa kwa sababu ya mto, na utimize ahadi hiyo.

Usiku nauwekea sheria yake peke yake: gizani havukwi maji yanayotembea, kwa kina chochote. Taa za gari huakisi juu ya maji na kuyafanya yaonekane yametulia. Tena usiku ndio wakati majanga mengi ya aina hii yanapowakuta watu wa milimani. Maporomoko ya udongo ya Pokot Magharibi ya Novemba 2019 yaliwakuta watu usiku. Maji na matope ya Mai Mahiu ya Aprili 29, 2024 yalifika kabla ya mapambazuko. Yale ya Katesh chini ya mlima Hanang, Tanzania, Desemba 3, 2023, yalikuwa ya alfajiri. Kama una ndugu kwenye miteremko ya Mbooni au Kilungu, waambie wakiona nyufa mpya ardhini juu ya nyumba, miti au nguzo zimeanza kuinama, au chemchemi imebadilika kuwa tope ghafla, wasilale humo usiku huo. Matuta ya fanya juu yaliyotunzwa husaidia sana kupunguza kasi ya maji. Yaliyobomoka huyakusanya maji na kuyaachia mahali pamoja, kwa hiyo yatengenezwe kabla ya mvua.

Ikitokea umeshanaswa, gari likiwa limezima katikati ya maji, usisubiri uone itakuwaje. Fungua mkanda, shusha dirisha mara moja kabla umeme wa gari haujafa, toa watoto kwanza, pandeni juu ya paa na mkae pamoja. Mlango usiuhangaikie, maji yameubana. Usijaribu kutembea hadi ukingoni kama huwezi kuona miguu yako. Ukibebwa na maji, lala chali, miguu mbele kuelekea maji yanakokwenda, ili miguu ndiyo ipige mawe na si kichwa, na usogee kwa mikono kimshazari kuelekea ukingo ulio karibu. Usijaribu kusimama kwenye maji yanayokimbia, mguu ukinasa kati ya mawe maji yatakulaza.

Na wewe uliye ukingoni, usijitose. Waokoaji wasio na kamba huongeza idadi ya wanaohitaji kuokolewa. Rusha kamba, au mtungi mtupu wa lita 20 uliofungwa kifuniko kwa nguvu na kufungwa kamba. Mtungi huo unamwelesha mtu mzima, na kila boma huku lina mitungi. Kamba usijifunge kiunoni, wala usiizungushe mkononi. Mtu mmoja akimbie chini ya mto kuwaonya wengine. Mwingine apige 1199, namba ya bure ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, au 999 au 112, ataje jina la drifti, kijiji na upande gani wa mto gari linaweza kufika. Simu ikiwa mkononi kwa ajili ya kurekodi, kwanza ipige.

Maji yakishuka, mchanga wa mto unabaki umelegea kwa muda, na mashimo yamehama. Mtu mzima apite kwanza na fimbo ndefu akichoma mbele yake, mifugo na punda wa maji wafuate baadaye. Kisima cha zamani kisichotwe siku hiyo: mafuriko yamekizika pamoja na uchafu wa vyoo na mizoga ya huko juu. Fukua kipya kando kidogo na upande wa juu, yamwage maji ya kwanza, na yanayofuata yachemshe kabla ya kunywa.